Simu ya intaneti ilipokuwa magendo

Zamani namba za simu kwenye mabango ya maduka ya Kitale zilianza kwa 0325 na za Bungoma kwa 0337. Baadaye zikawa 054 na 055. Hizo zilikuwa laini za shaba za Shirika la Posta na Simu la Kenya, lililozaliwa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Mwenye laini nyumbani alikuwa na majirani wengi wa kirafiki.

Mwaka 1999 shirika liligawanywa. Telkom Kenya ikarithi simu, na tume ya mawasiliano, CCK, ikawa refa. Telkom pia ilipewa miaka 5 ya kuhodhi simu za kwenda ng'ambo, na hapo ugomvi ukaanza. Simu ya intaneti hukatakata sauti vipande vidogo na kuvisafirisha kama barua pepe, bila kujali ni Webuye au Boston. Aliyeishi kwa kuuza dakika za ng'ambo angeipendaje? Ikawa magendo. Mwishoni mwa 2000 kampuni za intaneti zilifungua KIXP, kituo cha kubadilishana data jijini Nairobi, ili data ya Wakenya isizunguke ng'ambo kwanza. Telkom ililalamika kuwa kinavunja ukiritimba wake, CCK ikakifunga kabla hakijamaliza mwezi. Kilirudi 2002.

Ukiritimba huo ulikwisha 2004, na simu ya intaneti ikahalalishwa. Kwenye saiba mtu alivaa visikizio akamwita kaka yake aliye Marekani. Alisema "haloo", akangoja, akarudia, kisha "haloo" mbili za kaka zikamjia kwa mpigo: mawasiliano ya setilaiti yalichelewesha sauti. Dawa ilikuja 2009, nyaya za TEAMS na SEACOM zilipotia nanga Mombasa. Laini za shaba nazo zilikuwa zikiliwa na wezi wa vyuma chakavu, kwa hiyo hasara ya kuziacha haikuwa kubwa.

Leo kampuni yenye matawi Kitale na Bungoma inaweza kuyapa ekstensheni za tarakimu tatu, yakapigiana kama vyumba jirani. Nyumbani simu ya mezani haikurudi, WhatsApp inatosha.

Kwa maoni yangu shaba ilikuwa na sifa moja tu tuliyoidharau: umeme wake ulitoka kituo cha simu, hivyo stima ikipotea bado ulipiga. Simu ya intaneti huzimika pamoja na taa. Asiyenunua betri ya akiba hurudi kwenye simu ya mkononi ya karani wa mapokezi, na kredo ni ya karani.