Mbwa wa makao apatapo mwenyewe: Uasili wa wanyama Nakuru na Naivasha

KATIKA mitaa mingi ya jiji la Nakuru, mbwa hupatikana bila kutafutwa. Mbwa wa jirani huzaa, watoto wakafikisha wiki chache, na habari ikienea mtaani wale wa kiume huchukuliwa upesi. Wa kike hubaki. Baadhi yao ndio wanaokutwa baadaye wametupwa kando ya barabara, sokoni au karibu na jaa la taka, na wachache wenye bahati huishia katika makao ya wanyama.

Uasili wa wanyama, yaani kumchukua mbwa au paka aliyeokolewa na kumlea nyumbani kwa masharti maalumu, haujazoeleka sana katika eneo la kati la Bonde la Ufa. Wengi hushangaa kusikia kwamba mbwa asiye wa kizungu hutolewa kwa kujaza fomu na kulipa ada, ilhali barabarani wapo tele. Mshangao huo una msingi, na jibu lake limo katika kazi inayofanywa kabla mnyama hajatoka kizimbani.

Shirika lenye historia ndefu zaidi katika shughuli hii nchini ni lile la kutetea na kutunza wanyama, maarufu kama KSPCA, ambalo chimbuko lake ni mwaka wa 1910. Makao yake makuu yapo Karen, Nairobi, na lina matawi Mombasa na Naivasha. Kwa mkazi wa Gilgil, Nakuru, Njoro au Molo, Naivasha ndiyo karibu. Kutoka Nakuru ni mwendo wa kilomita 70 hivi kwa barabara kuu ya Nairobi. Huko Naivasha, mbwa na paka si mzigo wa pekee wa watetezi wa wanyama. Punda wanaovuta mikokoteni ya maji katika mitaa kama Karagita nao huhitaji kutibiwa vidonda vya kamba na kwato.

Mnyama anapopokelewa katika makao, kwanza huchunguzwa na daktari wa mifugo, hutibiwa minyoo, kupe na viroboto, kisha huchanjwa. Aliyekomaa hufungwa uzazi. Anayetaka kumchukua huulizwa maswali ambayo huenda yakamkera asiyeyatarajia: Je, nyumba ni yako au umepanga? Ua una lango linalofungika? Nani atakuwa nyumbani mchana? Mbwa atafungwa mnyororo? Kwa kawaida, mtu kutoka makao huzuru boma lenyewe kabla ya idhini kutolewa.

Swali la mnyororo si la bure. Mbwa wa Kenya huajiriwa kabla ya kupendwa. Langoni kuna kibao cha "Mbwa Kali" (sarufi yake haijawahi kumzuia mwizi yeyote), na aliye ndani hufungwa tangu alfajiri hadi usiku kwa imani kwamba ndivyo anavyokuwa mkali. Mbwa wa namna hiyo hapati kujifunza kutofautisha mgeni na mwizi, wala mtoto wa nyumbani na wa jirani. Ikitokea mnyororo umekatika, anayeumwa huwa ni yeyote aliye karibu, na mara nyingi ni mtoto. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, iliyotungwa mwaka wa 1962, humhesabu kuwa mkosaji anayempiga mnyama kikatili au kumnyima chakula na maji, ijapokuwa ni nadra mtu kufikishwa mahakamani kwa ajili ya mbwa.

Suala la mbwa wa kike ndilo kiini cha jambo hili. Mbwa jike huweza kupata joto la kwanza akiwa na umri wa miezi sita hivi, hubeba mimba kwa takriban siku 63, na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Mwenye boma dogo mtaani Kaptembwo au Rhonda hana pa kuwapeleka watoto wote hao, wala hapendi kuona kundi la madume likipigana langoni pake. Ndiyo maana watu humkataa jike, si kwa sababu ni mlinzi dhaifu. Akishafungwa uzazi, sababu hiyo hutoweka. Mlinzi bora wa nyumba yenye watoto mara nyingi ni jike mtu mzima aliyefungwa uzazi, ambaye tabia yake imekwisha kujulikana na wahudumu wa makao. Wanaokuja kuchagua, hata hivyo, huenda moja kwa moja kwa watoto wadogo.

Afya ya umma nayo imo hatarini. Kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka, na karibu visa vyote vya binadamu hutokana na kuumwa na mbwa. Dalili zikishaonekana, hakuna tiba. Mwaka wa 2014 Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo hivyo kufikia 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kwa miaka mingi serikali za mitaa nchini zilitegemea sumu kupunguza mbwa wa kuzurura. Njia hiyo huua hata mbwa aliyechanjwa, na nafasi yake hujazwa upesi na mwingine asiye na kinga. Mbwa aliyefungwa uzazi na kuchanjwa, akapata mwenyewe na ua, huwa ametoka katika hesabu hiyo kabisa. Cheti cha chanjo kinapaswa kukabidhiwa pamoja na mnyama, na chanjo hurudiwa kila mwaka.

Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, ina sababu ya ziada ambayo miji mingi haina. Mitaa yake imepakana na ua wa Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru, penye simba, chui na vifaru. Mwaka wa 1994 ugonjwa wa distempa, ambao ni wa mbwa, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti nchini Tanzania na kufika hadi Maasai Mara. Wataalamu waliuhusisha mlipuko huo na mbwa wa vijiji jirani wasiochanjwa. Kwa hivyo chanjo ya distempa kwa mbwa wa mtaani si anasa ya matajiri.

Kizingiti kigumu zaidi hakimo moyoni mwa watu bali katika makazi. Wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua kandokando ya Ziwa Naivasha huishi katika vyumba vya kupanga, ambako mwenye ploti hakubali mbwa na mpangaji huhama kila kazi inapobadilika. Kwao paka hufaa zaidi: hula kidogo, huwinda panya na hahitaji ua. Paka naye afungwe uzazi, kwani huzaa haraka kuliko mbwa. Kuhama kwa ghafla kulionekana kwa sura yake mbaya zaidi Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipolipuka Nakuru na Naivasha. Waliokimbilia kambi kama ile ya uwanja wa maonyesho wa Nakuru walibeba watoto na walichoweza kushika mkononi, na wanyama wengi wakaachwa nyuma.

Kwa aliyekwisha kuidhinishwa, siku za mwanzo huhitaji subira. Mbwa aliyetoka kizimbani huenda akakataa chakula, akajificha au akajaribu kutoroka siku tatu za kwanza. Aachwe ndani ya ua, awe na maji, na kibanda chake kiinuliwe juu ya ardhi kwa kuwa usiku wa Nakuru ni wa baridi, na wa Molo ni baridi zaidi. Watoto wasimsogelee anapokula. Baada ya wiki tatu hivi huwa ameanza kuzoea ratiba ya nyumba, na huchukua miezi mitatu hivi kabla hajajiona mwenyeji.

Ikishindikana, mnyama hurudishwa makaoni. Hapewi jirani wala hauzwi, kwa sababu makao ndiyo yenye kumbukumbu za chanjo na tabia yake, na ndiyo yatakayomtafutia boma la pili.