Ngozi ya Chura na Historia ya Peptidi Zinazoua Bakteria
Peptidi zinazoua vijidudu, yaani minyororo mifupi ya asidi za amino ambayo viumbe hujitengenezea ili kujikinga, husifiwa leo kama mbadala mpya wa antibiotiki za kawaida, ingawa mwanabiolojia wa vijidudu René Dubos alikwisha kutenga gramisidini, peptidi ya aina hiyo, kutoka kwa bakteria wa udongoni mwaka 1939. Dawa hiyo, kwa kuwa huharibu chembe nyekundu za damu, ikabaki kuwa ya kupaka tu, na penisilini ikaifunika.

Aliyeamsha upya shauku ya peptidi hizo ni Michael Zasloff wa Marekani, ambaye, baada ya kuwapasua vyura wenye kucha wa kusini mwa Afrika ili kutoa mayai kwa ajili ya utafiti, aliona kwamba majeraha yao yalipona bila kutunga usaha, ijapokuwa walirudishwa katika maji yaliyojaa vijidudu. Mwaka 1987 alitangaza peptidi mbili za ngozi ya vyura hao, zilizoitwa magainini, kila moja ikiwa na asidi za amino 23, ambazo kwa chaji yake chanya hunata kwenye utando wa bakteria wenye chaji hasi na kuutoboa.

Peksiganani, dawa iliyoundwa kwa mfano wa magainini ili kutibu vidonda vya miguu vya wenye kisukari, ilinyimwa kibali nchini Marekani mwaka 1999, kwa kuwa haikuonekana kuzishinda dawa zilizokuwapo. Uamuzi huo, kwa mizani ya wakati ule, haukuwa wa uonevu. Hata hivyo, kolistini, peptidi kongwe itokanayo na bakteria, ingali ikitumika hospitalini dhidi ya bakteria sugu, licha ya kudhuru figo.