Mtu mmoja, kompyuta moja, na nani analipa kodi?

Kimya changu ni cha mitihani, msininunie. Leo historia kidogo. Jana usiku umeme ulikatika, tukabaki chumbani tunabishana kama mtu mmoja anaweza kutengeneza gemu la kompyuta peke yake.

Anaweza. Eric Barone wa Marekani alimaliza digrii ya kompyuta mwaka 2011, akatafuta kazi, akakosa. Akaanza gemu la kilimo, lengo lake ajinoe tu. Kuandika programu, kuchora, kutunga muziki na hadithi, yote yeye. Alidhani ni miezi michache, ikawa zaidi ya miaka 4, picha zingine anazifuta na kuzichora upya. Stardew Valley ikatoka Februari 2016, na ndani ya miezi miwili zikauzwa nakala milioni 1. Kufikia mwisho wa 2024 zilishafika milioni 41.

Wengi huishia hapo. Mimi nikajiuliza, miaka yote ile alikula nini? Jioni alifanya kibarua kwenye ukumbi wa maonyesho huko Seattle, anawaonyesha watu viti vyao, na mpenzi wake naye akafanya kazi kubeba matumizi ya nyumba. Kwa hiyo alikuwa peke yake kwenye kompyuta, mezani hapana.

Dada yangu anauza chapati ili mie nisome ualimu, na ajira zenyewe ndo hivyo mnazijua. Nikihitimu nisije nikasema nimejisomesha.

Haya, ngoja nimpigie simu. Tupo pamoja.