Msikiti wa Kizimkazi: Hazina ya miaka 900 chini ya paa la bati

KATIKA kijiji cha Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa cha Unguja, pana msikiti mdogo ambao mpita njia aweza kuupita pasipo kuugeukia. Hauna mnara wala kuba. Kuta zake ni nene lakini si ndefu, na paa lake ni la bati kama mapaa ya nyumba nyingi za mwambao. Watalii wafikao huko aghalabu huwa wanakimbilia mashua za kwenda kuwatazama pomboo, na ni wachache wanaotambua kwamba wamepita karibu na mojawapo ya maandishi ya kale zaidi yenye tarehe katika pwani nzima ya Afrika Mashariki.

Maandishi hayo yamo ndani, upande wa kibla. Yamechongwa katika jiwe la tumbawe kwa hati ya Kufi, na yanaeleza kwamba msikiti uliamriwa kujengwa na Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad, katika mwezi wa Dhulqaada, mwaka wa 500 wa Hijria. Mwezi huo ndio Mfunguo Pili kwa hesabu ya Waswahili, na kwa kalenda ya Miladia ulikuwa katikati ya mwaka wa 1107.

Yafaa msomaji wa Kenya aupime mwaka huo kwa mambo anayoyajua. Vasco da Gama alitia nanga Mombasa na Malindi mnamo 1498, miaka 391 baadaye. Ujenzi wa Ngome ya Yesu ulianza mwaka wa 1593. Masultani wa Omani nao walihamishia makao yao Unguja katika karne ya 19. Simulizi nyingi za historia ya pwani huanza na wageni hao, kana kwamba kabla yao palikuwa na mchanga na minazi tu. Kizimkazi ni ushahidi wa kinyume chake: palikuwa na mji, palikuwa na Waislamu wenye uwezo wa kulipa mafundi hodari, na palikuwa na mtu aliyeona inafaa jina lake liachwe ukutani.

Ushahidi huo hausimami peke yake. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, uchimbuzi ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 uligundua misikiti kadhaa iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo kabisa ikiwa ya miti, yapata karne ya nane. Lakini Shanga umri ulibidi ukisiwe kutokana na tabaka za udongo na vigae. Huku Kizimkazi jiwe lenyewe linataja mwezi na mwaka.

Uzuri wa hati yenyewe wahitaji utulivu kuuona. Kufi ni mwandiko wa herufi za pembe, zilizosimama wima kama boriti. Lakini fundi wa Kizimkazi hakuziacha hivyo. Ncha za herufi zake zimechipua majani na vikonyo, hivi kwamba jicho lisilozoea hudhani kwanza kuwa ni nakshi tupu, kisha maneno yakaanza kujitokeza. Msomi Samuel Flury wa Uswisi, aliyechapisha uchunguzi wa maandishi hayo mwaka wa 1922, ndiye aliyeyafanya yajulikane miongoni mwa wanazuoni wa sanaa ya Kiislamu. Mtindo wake umelinganishwa na ule wa Siraf, bandari iliyokuwa tajiri katika Ghuba ya Uajemi, na kwa hiyo baadhi ya wataalamu walidhani kazi hiyo ilifanywa na mafundi waliotoka huko.

Hata hivyo, malighafi ni ya hapa hapa. Tumbawe hukatwa likiwa bado bichi kutoka baharini, wakati ambapo ni laini na huchongeka bila taabu kubwa. Likishatolewa majini na kukauka hewani, huwa gumu. Fundi alipaswa basi kuwahi, na pia kuwa na mkono usiokosea. Yeyote aliyeichonga Kizimkazi, awe alizaliwa Siraf au Unguja, alikuwa amelifahamu jiwe la pwani hii barabara.

Jengo lisimamalo leo si lile la 1107 lote. Maandishi mengine humo msikitini yanataja mwaka wa 1184 wa Hijria, yaani yapata 1770, ambapo msikiti ulijengwa upya. Walioujenga upya hawakuyatupa mawe ya zamani. Maandishi na sehemu za mapambo zilihifadhiwa. Pengine hilo ndilo tendo la kustahiwa zaidi katika historia yote ya msikiti huu, kwani ni rahisi mno kwa jengo jipya kulimeza la kale.

Wenyeji wana masimulizi yao. Husimuliwa kwamba jina la kijiji latokana na watu wawili, Kizi aliyekuwa mtawala na Kazi aliyekuwa mwashi, na kwamba fundi huyo alikatwa mkono asije akajenga msikiti mwingine mfano wa huu. Masimulizi hayo hayalingani katika kila kinywa, na kisa cha fundi kukatwa mkono husimuliwa pia kuhusu majengo mengine mashuhuri duniani. Siku hizi jina la Kizimkazi limevuma kwa sababu nyingine: ndiko alikozaliwa, mwaka wa 1960, Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa kuwa Rais wa Tanzania mnamo 2021.

Tofauti na misikiti ya Gede au Jumba la Mtwana, ambayo ni magofu ya kutazamwa, Kizimkazi bado huswaliwa. Hapo ndipo penye heri na penye hatari pia. Msikiti wenye waumini hufagiwa, huezekwa, haumezwi na mizizi; na hilo bati lisilopendeza machoni ndilo linalozuia mvua isiyafikie maandishi. Lakini msikiti wenye waumini pia hupakwa rangi na kutiwa viraka. Chokaa ikipakwa tena na tena bila uangalifu hujaza mifereji ya michongo hadi herufi zikapoteza makali. Saruji ni mbaya zaidi: ni ngumu kuliko tumbawe, huzuia unyevu usitoke ukutani, na chumvi iliyomo ndani hulila jiwe polepole. Kwa kuta za namna hii, chokaa iliyochomwa kwa njia ya jadi, ikitumiwa na fundi aijuaye, ndiyo inayofaa.

Nje ya msikiti kuna makaburi ya zamani, nayo yana ziara zake. Mgeni atakaye kuingia humwomba ruhusa mwangalizi, huvua viatu na kujisitiri ipasavyo. Wakati wa swala husubiri nje. Akiisha kuingia, na asiishie mlangoni. Maandishi yako mbele, kwenye ukuta wa kibla.