Alizeti pori (Busia na Malaba)

Alizeti pori (Tithonia diversifolia) ni kichaka cha kudumu chenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati. Katika Kaunti ya Busia, kuanzia mji wa Busia hadi Malaba, huota kandokando ya barabara na kupandwa kuwa ua wa boma. Waluhya huyaita maua yake amalulu, yaani machungu. Ukisugua jani, uchungu huo hubaki vidoleni.

Hupandwa kwa vipandikizi masika yanapoanza, Machi au Aprili. Fimbo iliyokomaa ya takriban sentimita 30 huchomekwa ikiwa imelala kidogo, vifundo viwili vikifukiwa. Fimbo changa huoza upesi. Palizi ni ya miezi ya mwanzo tu. Kikishajifunga, kivuli chake huyanyima magugu mwanga.

Kazi kubwa ni kupogoa. Kikiachwa hupita mita 2, kikakonda chini na kuacha udongo wazi. Kikikatwa usawa wa magoti, huchipua na kusongamana. Majani yaliyokatwa yasitupwe hata kidogo: yakikauka huwa na takriban asilimia 3.5 ya nitrojeni, na shambani huoza haraka kuliko mabua ya mahindi. Majaribio ya miaka ya 1990 magharibi mwa Kenya yalitumia tani 5 za majani makavu kwa hekta, mzigo mkubwa kwa mkulima mwenye panga na toroli. Kwa hiyo yanafaa zaidi kitalu cha sukumawiki. Kichaka kikatwe kabla mbegu hazijakomaa, kwani hutapakaa hadi kwa jirani.