Friji Imeandika "Er FF"? Jua Maana Yake Kabla Uite Fundi

Umefungua friji asubuhi, maziwa imekuwa mala bila wewe kupanga, na kwa skrini kuna "Er FF" inakuangalia. Tulia. Hapo friji inakuambia ni sehemu gani imelemewa. Ukijua kuisoma, hakuna mtu atakuchotea doh ya kujaza gesi na shida ni feni. Na kama unaishi Chepseon, hii ni muhimu hata zaidi, juu fundi akitoka Kericho mjini ama Londiani, nauli ni yako.

Hizo herufi zinasema nini

Kila kampuni iko na lugha yake, so anza na kile kitabu kilikuja na friji. Hizi ndizo za kawaida:

- LG "Er FF" na "Er rF": feni ya friza na feni ya upande wa friji. Mara mob imeshikwa na barafu.
- LG "Er FS" na "Er rS": sensa ya joto, ya friza na ya friji.
- LG "Er dH": mfumo wa kuyeyusha barafu umefeli.
- Samsung 21 na 22, ikifuatwa na E ama C: feni ya friza na feni ya friji.
- Samsung 83, 85 na 86, ikifuatwa na E ama C: stima inayofikia kompresa haiko sawa.
- Samsung "OF OF" ama LG "OFF": friji iko kwa ile hali ya maonyesho ya dukani. Taa inawaka, baridi hakuna. Haijaharibika! Kitabu kitakuonyesha vitufe vya kushikilia kwa sekunde chache.

Umecheki? Hapo hakuna hata moja imesema gesi imeisha.

Yako ni ile ndogo haina skrini? Tega sikio. Ikilia "tik" kila baada ya dakika kadhaa na haishiki, kompresa inashindwa kuanza. Inaweza kuwa stima iko chini ama rilei yake imekufa.

Shida inaweza kuwa stima

Ukanda wa Kericho unajulikana kwa radi na mvua ya mawe. Stima ikipotea halafu irudi na nguvu, bodi ya friji inaumia. Jioni nayo, kila mtu akiwasha vitu, balbu ikififia jua hata friji haipati 240V zake. Kifaa cha kulinda friji kinachokata stima ikiwa mbaya na kusubiri kidogo kabla ya kuirudisha ni bei ndogo ukilinganisha na bodi mpya. Kama mtaa mzima uko na shida, ripoti kwa Kenya Power: 97771 ama *977#.

Fanya hivi, kwa mpangilio

1. Piga picha ya skrini. Ukizima, alama inaweza kupotea.
2. Chomoa plagi, ngoja dakika kumi, rudisha.
3. Cheki mlango unafunga poa na nyuma ya friji kuna nafasi ya hewa.
4. Kama ni feni, toa chakula, chomoa, acha milango wazi barafu iyeyuke yenyewe. Masaa kadhaa, hata usiku mzima.
5. Alama ikirudi, sasa ita fundi.

Friji pia husikia baridi

Soma stika ya ndani. Herufi T inamaanisha imeundwa kwa joto la chumba la 16 hadi 43. SN huanzia 10. Usiku wa Julai huku hushuka chini ya 16 bila jasho. Friji yenye thermostat moja ikiwekwa kwa stoo baridi, inadhani kazi imeisha, kompresa inalala, na nyama kwa friza inaanza kulainika. Ihamishe ndani ya nyumba kabla ulipe mtu.

Usicheze na hizi

Usikwangue barafu na kisu. Friji nyingi mpya zinatumia gesi ya R600a, na hiyo inashika moto. Ukitoboa paipu, usiwashe kitu, fungua madirisha. Kama waranti bado iko, usiruhusu mtu afungue friji mtaani.

Chakula nacho: friji ikizima na mlango ubaki umefungwa, hesabu masaa manne. Friza iliyojaa inaweza kushikilia masaa 48, ikiwa nusu ni 24. Baada ya hapo, nyama na maziwa usijaribu bahati.

Ukimpigia fundi, mtumie picha ya skrini na ya stika ya modeli, umuulize abebe spea gani. Akijibu "ni gesi" kabla hata aangalie picha, tafuta mwingine.