Maabara ya mfadhili, gesi ya mzazi: uzi kutoka Kanduyi

Kila msimu wa kampeni swali hili linarudi hapa Kanduyi, kwenye steji ya boda na hata matangani: mbona serikali isiachie kampuni kubwa kazi ya kujenga maabara na kulipia watoto werevu karo? "Wao wako na pesa na hawaibi." Nimelisikia mpaka nimechoka, wacha nieleze historia. Sitataja mwanasiasa wala chama, nanyi mkijibu msitaje.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1962 wataalamu kutoka Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe kuandika vitabu vya hisabati mpya kwa shule za Afrika. Sehemu ya pesa ilitoka Ford Foundation, wakfu ulioanzishwa 1936 kwa utajiri wa magari. Nyingine ilitoka serikali ya Marekani. Ndiyo ile hesabu ya seti ambayo wazee wetu bado wanaicheka. Wazazi hawakuielewa, walimu wengi hawakuwa wameandaliwa, na 1981 Kenya ikaifuta. Nia haikuwa mbaya. Lakini mtoto aliyekuwa amefika nusu ya kitabu hakuwa na ofisi ya kwenda kulalamikia.

1998 ikaja SMASSE, mradi wa Kenya na Japani wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari. Huu naupenda zaidi, kwa sababu ulimshika mwalimu badala ya jengo. Ila watu husahau kwamba mafunzo ya wilayani yaligharamiwa kwa fungu lililokatwa kwenye karo. Yaani mzazi muuza miwa alikuwa mfadhili, na hakuna aliyempiga picha.

Zama za wakfu za kampuni ndizo hizi zetu. Safaricom Foundation ilianza 2003. Wings to Fly ya Equity na Mastercard Foundation ilianza 2010. M-PESA Foundation Academy ikafunguliwa Thika 2016. Binti wa jirani yangu alisoma miaka minne kwa ufadhili wa aina hii, na mama yake ni mama mboga. Mtu asiniambie haisaidii.

Sasa tufike kwenye kodi, maana hapa ndipo wengi hupotea. Sheria ya kodi ya mapato inairuhusu kampuni kutoa mchango uliotimiza masharti kwenye faida yake kabla ya kukatwa kodi. Kodi ya kampuni ni asilimia 30. Kwa hiyo shilingi 100 ikienda kwa maabara, takribani 30 ni pesa ambayo ingeingia hazina. Wewe na mimi tumechangia, lakini shule ipi ipate, somo lipi, na hadi lini, imeamuliwa kwenye bodi ambayo hatukuipigia kura. Mbunge akikosea tunamngoja debeni. Bodi je?

Na kampuni zenyewe si za milele. Sisi wa Bungoma hatuhitaji kufundishwa hilo. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilisimama 2009, na wanaovuna miwa wanajua ilivyo kungoja malipo huku mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo.

Shule niliyofundisha (siitaji, wala kampuni) ilipata maabara safi sana: masinki, stuli, bango kubwa la mfadhili getini. Hundi ya kadibodi ilikuwa ndefu kuliko mwalimu mkuu. Muhula wa pili gesi ikaisha. Asidi ikaisha. Hakuna aliyekuwa ameajiriwa kutunza mle ndani. Barua tuliyoandika ilijibiwa kwa heshima: mradi umefungwa, bajeti ilikuwa ya ujenzi tu. Vijana wetu wakaingia karatasi ya tatu ya kemia wengine wakiwa wameshika bureti mara mbili tu maishani.

Tangu Januari 2026 Gredi ya 10 imeanza, na serikali inataka asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa sayansi. Basi akija mtu uwanjani akisema wafadhili watamaliza kazi, mwulizeni mshahara wa fundi wa maabara uko kwenye bajeti ipi.

Ile gesi? Wazazi walichanga mia mia kwenye mkutano. Mama mmoja akauliza kama jina lake pia litaandikwa pale getini. Tulicheka, lakini yeye hakuwa anacheka.